Ekutere zinakatika? Tusikimbilie kununua zingine

Jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Mwenzetu anayeandika vitabu vya AVEC yetu anafuata mafunzo ya hesabu kwenye kompyuta, usiku, watoto wakiwa wamelala. Ndiyo maana anavaa ekutere zisizo na waya. Lakini sauti ilikatika kila baada ya dakika chache, na siku ya mtihani akapitwa na maswali mawili. Tulikuwa karibu kutoa pesa kwenye kasha ya jamii tumnunulie zingine. Mmoja wetu akasema: tuangalie kwanza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, simu. Ekutere zilizozoea simu fulani huikimbilia tena ikiwa karibu. Zima Bluetooth ya simu zote za nyumbani, kisha ujaribu.

Pili, chaji. Jaza ekutere pamoja na kisanduku chake. Pangusa kwa kitambaa kikavu na laini vile vyuma vidogo vya ndani. Vikiwa na uchafu, ekutere hazipati umeme hata zikilala humo usiku kucha.

Tatu, mahali. Bluetooth hupita hewani kwenye 2,4 gigahertz, njia ile ile ya Wi-Fi nyingi. Kwa kawaida inafika kama mita 10, na ukuta, hata mwili wa mtu, huipunguza nguvu. Sogelea kompyuta, na uchomoe kile kinachoweza kuisumbua, kama vile kle USB.

Nne, kompyuta yenyewe. Mashine nyingine huzima Bluetooth ili kuokoa umeme. Katika Windows ya Kifaransa, fungua « Gestionnaire de périphériques », ingia kwenye Bluetooth, bonyeza mara mbili jina la kifaa cha Bluetooth cha mashine, kisha « Gestion de l'alimentation ». Ondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima. Ukurasa huo ukikosekana, usihangaike, si kila mashine inao.

Tano, kama bado zinakatika, futa jina la ekutere kwenye kompyuta, zima mashine, iwashe, uziunganishe upya kama siku ya kwanza.

Zikikatika hata kwenye simu nyingine na kompyuta nyingine, basi ugonjwa uko ndani ya ekutere zenyewe. Hapo ndipo tuzungumze juu ya kununua.

Kwetu sisi ilikuwa simu. Kijana wake alikuwa ameziazima kusikiliza mpira, na simu yake ilikuwa ikizivuta kutoka chumba cha pili. Mama alipata ruhusa ya kurudia mtihani, akasikia maswali yote. Pesa ya kasha haikuguswa.

Siku ya posho, mwenye ekutere zinazokatika azilete mkutanoni pamoja na kisanduku chake. Tutaziangalia pamoja.