Mtoto mwenye UTI ya mara kwa mara apimwe figo

Homa ikipanda, mtoto anapimwa malaria. Ikikosekana, basi ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Anaandikiwa dawa, anapata nafuu, na wiki chache baadaye mama yuko tena kwenye benchi la zahanati, kadi ya kliniki mkononi. Tunasema chupa ya tatu ya dawa isitolewe kabla figo hazijaangaliwa kwa altrasaundi.

UTI inayorudirudi huweza kuashiria njia ya mkojo iliyoziba. Mkojo ukikosa njia hurudi juu, figo zikajaa maji, zikavimba na kuharibika taratibu, mara nyingi bila mtoto kulalamika. Wapo wavulana wanaozaliwa na kijingozi kinachoziba njia ya mkojo. Wengine, njia imebana pale figo inapoungana na mrija wake. Kichocho nacho kikiachwa miaka huziba vilevile.

Kipimo cha altrasaundi hakina sindano wala mionzi. Lakini kinataka mpimaji makini. Kibofu kikijaa, figo nzima inaweza kuonekana imevimba, kwa hiyo mtoto akojoe kisha apimwe tena. Kichanga aliyepimwa siku ya kuzaliwa anaweza kuonekana hana tatizo kwa kuwa mkojo wake bado ni mdogo. Apimwe tena baada ya saa 48. Na majibu yaandikwe kwa milimita. "Figo zimevimba kidogo" ni maneno yasiyomsaidia daktari atakayelinganisha miezi 3 baadaye.

Mkoani kwetu Singida kero ni umbali. Mama wa Mitundu hukimbilia hospitali ya Mtakatifu Gaspari, Itigi. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Singida mjini, na akihitajika bingwa wa njia ya mkojo, safari ni ya hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au KCMC, Moshi. Kwa umbali huo, rufaa ya kuchelewa ni hasara mara mbili.

Halmashauri zote 7 za mkoa ziziagize zahanati zake: UTI ikirudi mara ya pili, rufaa ya altrasaundi itoke siku hiyohiyo. Kwa mwenye homa aliye chini ya miaka 2, mara ya kwanza inatosha. (Na UTI iwe ya maabara, si ya kukisia.) Sera inasema walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure, kipimo hiki kihesabiwe humo, mama asirudishwe kutafuta hela.

Nawe mzazi, mtazame mwanao wa kiume anavyokojoa. Mkojo ukitoka matone matone, au akijikamua, mpeleke hospitali wiki hii.