HOFU YA KUNG'OA JINO INA DAWA



Mwezi huu tuache kidogo mbegu na mbolea. Tuzungumze juu ya meno. Mkulima mwenye jino bovu halali usiku. Asubuhi hana nguvu ya kushika jembe.

Wengi wetu hatuendi kwa daktari wa meno mpaka shavu livimbe. Sababu si nauli tu. Tunaogopa sindano na koleo.

Kuchelewa kuna hasara. Mahali penye usaha ganzi haishiki vizuri. Kwa hiyo anayekimbia maumivu leo ataumia zaidi kesho. Tena usaha wa jino unaweza kushuka shingoni ukaziba njia ya hewa. Watu wamekufa kwa sababu ya jino moja.

Zamani jino liling'olewa bila dawa yoyote. Mwaka 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi, kisha akang'olewa jino lake mwenyewe. Hakusikia maumivu. Gesi hiyo inatumika mpaka leo.

Siku hizi ziko dawa za namna tatu. Tusizichanganye.

1. Ganzi. Huchomwa kwenye ufizi. Baada ya dakika chache mahali hapo hapaumi. Utasikia daktari anasukuma na kuvuta, lakini hutasikia maumivu makali. Watu wengi ganzi inawatosha.

2. Dawa ya kutuliza hofu. Hii ni ya mtu ambaye hofu imemzidi. Huwa ni kidonge, gesi ya kuvuta kwa pua, au sindano ya mshipa. Mgonjwa hubaki macho na hujibu akiulizwa, lakini moyo wake umetulia. Ganzi huchomwa vilevile.

3. Nusu kaputi. Mgonjwa hulala kabisa. Hutumika hospitali, hasa kwa kazi kubwa.

Dawa ya kutuliza hofu haipatikani kila kituo. Uliza kwanza. Usijinunulie vidonge dukani. Wala usinywe pombe ili upate ujasiri. Dawa hizi zikizidi hupunguza pumzi, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuua. Anayezitoa lazima awe amejifunza kazi hiyo.

Ukipangiwa kupewa dawa hiyo, fanya hivi:

- Mweleze daktari magonjwa yako na dawa unazotumia. Mama mjamzito aseme kuwa ana mimba.
- Uliza uache kula na kunywa saa ngapi kabla ya matibabu.
- Nenda na ndugu aliye mtu mzima. Yeye ndiye atakayekurudisha nyumbani.
- Ukipewa kidonge au sindano, usiendeshe baiskeli wala usishike panga mpaka kesho yake. Gesi huisha mwilini upesi, lakini fuata maneno ya daktari.

Hata pale ambapo kuna ganzi tu, hofu inaweza kupungua. Mwambie daktari, "Naogopa." Si aibu. Mwombe akueleze kila anachotaka kufanya. Patana naye kwamba ukiinua mkono, asimame kidogo.

Nanyi wazazi, msiwatishe watoto kwa kusema, "Nitakupeleka ukachomwe sindano." Mtoto akikua na hofu hiyo, atakaa na jino bovu kama sisi.

Jino likianza kuuma, nenda mapema. Usingoje livimbe.