Vibanda vya Waendesha Baiskeli Usambara: Ufunguo Akae Nao Nani?

Wengi wenu mkisikia Lushoto mnawaza mapeasi, plamsi na baridi la mwezi wa saba. Mimi nawaza kona za kupanda kutoka Mombo. Ni kilomita kama 33 tu hadi Lushoto mjini, lakini ukiwa juu ya baiskeli, hadi unafika Soni umeshajuta kuzaliwa. Likizo iliyopita mimi na mwenzangu mmoja tulijitosa: Mombo hadi Mtae, yeye na Phoenix ya kuazima, mimi na ya mtumba yenye gia ambazo nusu hazifanyi kazi.

Siku ya pili, tukiwa tumeshaipita Lukozi, tulipata pancha mbili ndani ya saa moja. Ukungu ukashuka, giza likaingia, na gesti tuliyoelekezwa tukaikuta imefungwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akatukuta tumeinamia tairi kando ya njia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Sasa usiku huu mnakwenda wapi?"

Aliongea na mwenyekiti wa kitongoji, tukafunguliwa darasa, tukalala juu ya madawati tuliyoyaunganisha. Kulipokucha watoto walikuwa wamejaa dirishani, wanatucheka. Na yule mwalimu aliyetupa pa kulala akatuambia, kama vile jambo la kawaida, kwamba yeye anatembea saa nzima kila asubuhi kutoka alikopanga chumba. Shule haina nyumba ya mwalimu.

Tangu siku hiyo nina wazo ambalo wenzangu wa bweni wamelichoka: milima ile inahitaji vibanda vidogo vya kulala wasafiri wa baiskeli, kila kimoja mwendo wa siku moja kutoka kwa mwenzake. Lushoto, Lukozi, Mtae. Si hoteli. Ni chumba cha vitanda vinne, baraza la kuingizia baiskeli zisilowe, jiko dogo, choo, basi. Kilimanjaro watu wanalala kwenye vibanda vya Mandara na Horombo miaka mingi sasa, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuna zulia.

Kuhusu ujenzi, nina misimamo miwili mitatu. Kwanza, matofali ya kuchoma hapana. Tanuri linakula kuni, na kuni za Usambara zinatoka wapi kama si kwenye misitu ileile tunayokuja kuitazama? Wasambaa wamejenga kwa miti na udongo vizazi na vizazi. Nyumba za namna hiyo zikiinuliwa juu ya msingi wa mawe na kupewa paa lililotokeza nje vya kutosha, mvua haigusi ukuta. Anayetaka kitu kigumu zaidi, yapo matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Mbao ziwe za miti ya kupandwa, mkaratusi au grevilea, si mkulo. Mkulo ni mti ambao hata jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii. Tumeshavuna vya kutosha huko: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walijenga njia ya kamba ya angani kushusha mbao kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli.

Paa liwe la bati lenye mfereji na simtanki. Na kibanda kikae pembezoni mwa kijiji, kisiingie msituni. Magamba ni hifadhi, iachwe ipumue. Msafiri atauona msitu mchana, usiku alale karibu na watu, anunue kwao viazi, mayai na chai.

Ila ramani ya jengo ni sehemu rahisi. Mimi nauliza ufunguo akae nao nani. Kule Norway chama cha watembea milimani kina mamia ya vibanda, na vingi havina mhudumu: mwanachama anakuja na ufunguo wake, analala, anajiandikia malipo. Kwetu ufunguo ukikaa kwa mwekezaji aliye Arusha au Dar, bei itaandikwa kwa dola, na mimi mtoto wa bumu nitarudi kulala juu ya madawati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Basi kibanda kiwe mali ya kijiji, ufunguo ukae kwa mtu aliyechaguliwa na mkutano mkuu, na mapato yasomwe hadharani kama michango mingine inavyosomwa.

Mwenzangu niliyesafiri naye ndiye anayenipinga kuliko wote. "Walimu hawana nyumba, wewe unawajengea Wazungu wa baiskeli?" Hapo huwa nanyamaza kwanza, maana mimi mwenyewe nasomea ualimu, na kesho nitakuwa mimi ninayetembea saa nzima. Jibu langu ni kwamba mkutano wa kijiji ndio uamue. Wakisema nyumba ya mwalimu itangulie, itangulie. Wakisema mapato ya kibanda yaende kwenye nyumba hiyo, sawa pia. Na masika, Machi hadi Mei, njia zile zinateleza kama sabuni, waendesha baiskeli ni wa kuhesabu. Mwalimu mpya aliyefika na begi lake akitafuta chumba anaweza kulala humo wiki mbili tatu. Sijui kama hilo limemridhisha mwenzangu. Bado ananiita mbunge wa Phoenix.

Juzi nilimpigia simu yule mwalimu nikamweleza yote: udongo, bati, mbao, ufunguo. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akauliza swali moja tu: choo mtachimba upande gani, maana upande wa chini wa shule ndiko watoto wanakochota maji?

Sikuwa nimefikiria. Tumekubaliana nipande likizo hii, tukatembee naye mteremko ule.