Mwizi wa Msalabani Hakutoa Sadaka

Mama mmoja wa mtaa ninaouhudumia, hapa chini ya Mlima Kilimanjaro, anaumwa figo. Aliuza mbuzi wake wote akapeleka fedha kwa mhubiri aliyemwahidi uponyaji. Hakupona. Akaambiwa imani yake haba, aongeze mbegu, yaani sadaka. Nilipokwenda kumwona aliniuliza kama Mungu amemkataa kwa sababu hana tena cha kuuza.

Nilimfungulia Luka 23, habari ya yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Mtu yule hakuwa na kitu mkononi, na hata angekuwa nacho asingeweza kukitoa. Hakupata nafasi ya kubatizwa, kujiunga na kwaya, wala kuwaomba radhi aliowadhulumu. Alikiri kwamba anastahili adhabu yake, akaomba tu akumbukwe. Akaahidiwa kwamba siku ileile atakuwa peponi.

“Bure, Mwinjilisti?”

“Bure, mama.”

Alilia sana, nami sikumkataza.

Naandika haya kwa uchungu, kwa kuwa mama huyu amekulia kanisani na jambo hili lilikuwa geni masikioni mwake. Tumemfundisha nini miaka yote hiyo? Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliweka wazi lililo la kwanza: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na Kefa, na wale Thenashara, kisha na ndugu zaidi ya 500. Hizo ni habari za jambo lililokwisha kutendeka. Anayezisikia anaziamini au anazikataa. Haombwi kuchangia gharama. Zaka, matendo mema na utumishi huja baadaye, kama shukrani ya mtu aliyekwisha kusamehewa. Tukivitanguliza, maskini anabaki nje ya mlango.

Tena watu wanakufa. Februari 2020, hapa Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walipoteza maisha katika msongamano wa kukimbilia mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Siwalaumu marehemu hata mmoja. Walikuwa na madeni, magonjwa, watoto wasio na ajira. Nawauliza wenzangu tunaohubiri: kwa nini watu wenye njaa ya Mungu waliamini kwamba neema iko mahali pamoja, kwa dakika chache, na lazima mtu awahi?

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti pwani ya Kenya walikuwa na makosa yao, lakini walijua kwamba neema haitegemei alicho nacho mtu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Hakuwa na ushahidi wa mafanikio wa kuonyesha watu. Mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi yao, Mringe, alikuwa mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Mahesabu ya leo yangesema hana faida kwa kanisa. Mimi naona kanisa lao la pwani lilianza mahali panapostahili.

Kushuhudia basi kusisubiri spika na jukwaa. Mkristo wa kawaida anaweza kukaa kando ya kitanda cha jirani, akamfulia, akampikia uji, na akiulizwa tumaini lake liko wapi alitaje jina la Yesu bila aibu. Hahitaji kuikashifu dini ya mwenzake. Mihadhara ya matusi haijamwonyesha mtu msalaba.

Kwa wenzangu nina ombi. Kila juma tunasimama misibani mbele ya watu ambao wengine hawaji ibadani kabisa, na mara nyingi dakika zetu zinaishia kwenye wasifu wa marehemu na kuwashukuru viongozi waliofika. Tuwaambie waombolezaji kwamba kaburi la Yesu li wazi, na kwamba alikufa kwa ajili yao pia. Na tukishawaombea wagonjwa waliopo pale, tusipitishe kapu.