Jazi kwa masikio ya Kisumu: fuata watu, usifuate mashine

Leo naweka kando mambo ya simu na programu, ingawa si kando sana, kwa sababu ninalotaka kusema linaihusu kompyuta pia. Marafiki kadhaa hapa Kisumu wameniuliza kwa nyakati tofauti: hii jazi mnayosikiliza, mtu aanzie wapi? Jibu jepesi ni kumwambia afungue huduma ya muziki mtandaoni, aandike neno "jazz", kisha aiache mashine imchagulie. Mimi silitoi jibu hilo. Naona kwamba kwa msikilizaji wa huku kwetu ziwani, mashine ni mwalimu mbaya wa jazi. Nitaeleza kwa nini, halafu nitoe orodha yangu ya albamu saba kwa mpangilio, kutoka benga hadi jazi huru.

Mashine inachaguaje?

Programu za kupendekeza muziki hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza huangalia watu. Kama wewe na mimi tumesikiliza albamu kumi zilezile, na mimi nimesikiliza ya kumi na moja, programu inakisia kuwa nawe utaipenda hiyo ya kumi na moja. Ya pili huangalia wimbo wenyewe na maelezo yaliyoandikwa juu yake: jina la bendi, mwaka, aina ya muziki, kasi ya mapigo. Huduma nyingi huchanganya njia zote mbili. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo siidharau hesabu hiyo. Ni hesabu nzuri kabisa pale ambapo data ipo.

Shida ni pale ambapo data haipo. Njia ya kwanza inataka wimbo uwe umeshasikilizwa na watu wengi. Wimbo usiosikilizwa haupendekezwi, na usiopendekezwa hausikilizwi. Huo ni mduara, na muziki mwingi wa Nyanza umenaswa ndani yake.

Njia ya pili inategemea maelezo yaliyoandikwa vizuri. Chukua mfano wa D.O. Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, akajulikana zaidi huku Kenya, na akafariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani hapahapa Kisumu. Muziki wake umetoka kwa majina ya D.O. Misiani, Daniel Owino Misiani, Shirati Jazz, D.O. 7 Shirati Jazz na Shirati Luo Voice. Kwa mtu wa Kondele huyo ni mzee mmoja. Kwa hifadhidata hao ni wasanii watano, mpaka mtu aiambie vingine. Tena nyimbo nyingi za benga za miaka ya 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande ule. Mashine ikichanganya nyimbo inakupa nusu ya pili bila ya kwanza, yaani unapata magita na hujui wimbo ulikuwa unamhusu nani.

Hilo neno Jazz katika majina ya bendi zetu

Kuna jambo jingine linaloichanganya mashine, nalo ni jina. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930. OK Jazz ilianzishwa mwaka 1956 katika mji ambao leo tunauita Kinshasa. Morogoro Jazz ndiyo iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe. Huku ziwani tulikuwa na Shirati Jazz, Kapere Jazz, na Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee. Muziki wao haukuwa ule unaoitwa jazi kule Marekani. Neno hilo kwetu lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa, yenye magita na vyombo vya kizungu.

Wapo wanaocheka wakisema wazee walikosea jina. Mimi nasema masikio tuliyoyapata kwa wazee hao yanatufaa sana kwenye jazi. Katika benga, mwimbaji hufika mahali akanyamaza, na magita yakaendelea kuzungumza yenyewe kwa dakika kadhaa, besi ikiwa mbele kama mmoja wa wazungumzaji. Mtindo huo wa gita una mizizi kwenye nyatiti yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huimba, hucharaza, na papo hapo hugonga mbao ya chombo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu aliyekua akisikia hayo tayari anajua kufuatilia vyombo bila maneno. Watu wengi wanaoikimbia jazi wanakimbia jambo hilohilo: wanamngoja mwimbaji na hatokei.

Kwa hiyo kanuni ya orodha yangu ni moja. Usifuate aina ya muziki, fuata watu. Mashine huunganisha albamu kwa kufanana. Mimi nimeziunganisha, kila nilipoweza, kwa mtu au chombo kinachotoka albamu moja kwenda nyingine. Kwenye simu utaona jina la kiongozi tu, na wengine wote wamefichwa mbali au hawajaandikwa kabisa. Haya, twende.

1. The Mighty Kings of Benga, ya Victoria Kings (1993)

Huu ni mkusanyiko uliotolewa Uingereza na lebo ya GlobeStyle, wa bendi ya akina Ochieng Nelly na Collela Mazee. Chagua wimbo wowote, subiri mwimbaji anyamaze, kisha fuata gita moja tu hadi mwisho. Rudia wimbo uleule ukifuata besi. Ukiweza zoezi hilo, una kifaa cha kukufikisha namba 7.

2. Head Hunters, ya Herbie Hancock (1973)

Sasa tunaingia jazi mseto, ile iliyochukua vyombo vya umeme na midundo ya dansi. Wimbo wa kwanza, Chameleon, una zaidi ya dakika 15 na unaanza kwa besi iliyopigwa kwenye kinanda cha elektroniki. Albamu nzima haina gita. Kazi ya gita inafanywa na kinanda kiitwacho klavineti. Katika Watermelon Man, Bill Summers anapuliza chupa ya bia akiiga mtindo wa filimbi na sauti wa Wabenzele wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao ulikuwa umerekodiwa kwenye santuri mwaka 1966. Miguu yako itacheza kabla kichwa hakijaamua. Kumbuka jina la mpiga saksafoni: Bennie Maupin. Tutakutana naye tena mara mbili.

3. Bitches Brew, ya Miles Davis (1970)

Maupin yumo humu akipiga klarineti ya besi, ile sauti nzito inayonguruma chini ya tarumbeta. Muziki ulirekodiwa kwa siku tatu za Agosti 1969, kisha mtayarishaji Teo Macero akazikata kanda na kuziunga upya, vipande vikarudiwa na kupangwa upya mpaka vikawa kitu ambacho hakikupigwa hivyo studioni. Wenzangu wa programu mtaielewa hiyo haraka :-) Usitafute kiitikio. Sikiliza jinsi vinanda vya umeme na dramu zaidi ya moja vinavyopishana bila kugongana.

4. Mwandishi, ya Herbie Hancock (1971)

Ndiyo, jina la albamu ni neno letu. Wanamuziki hawa sita walichukua majina ya Kiswahili waliyopewa na James Mtume, mpiga ngoma Mmarekani ambaye naye alipiga na Miles Davis. Hancock akawa Mwandishi. Maupin, huyuhuyu wetu, akawa Mwile. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari. Haikuwa mara ya kwanza Kiswahili kuingia huko: mwaka 1960 Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, ambamo Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akisoma kwa Kiswahili.

Wimbo wa kwanza una mapigo 15 katika kila mzunguko. Hesabu kwa vidole kwanza, kisha acha. Wimbo wa mwisho una dakika zaidi ya 21, na humo mapigo yanaanza kulegea. Hapa ndipo daraja la kuvuka kutoka jazi mseto kwenda jazi huru. Mswahili anayesikiliza jazi bila kuijua albamu hii, kwa maoni yangu, amenyimwa kitu chake. Na sababu ya kunyimwa ni rahisi: Head Hunters iliuzwa sana, hii haikuuzwa sana, na mashine husukuma kinachosukumika.

5. The Shape of Jazz to Come, ya Ornette Coleman (1959)

Tunarudi nyuma miaka kwa makusudi. Hakuna umeme, hakuna kinanda. Ni saksafoni ya Coleman, tarumbeta ndogo ya Don Cherry, besi ya Charlie Haden na dramu za Billy Higgins. Kwa kuwa hakuna kinanda cha kushikilia mpangilio wa sauti, kila mpigaji yuko huru kwenda anakotaka, mradi awasikilize wenzake. Anza na Lonely Woman: dramu zinakimbia, wapulizaji wanaomboleza polepole juu yake. Mtu aliyewahi kukaa matangani usiku kucha hatahitaji kuelezwa.

6. Free Jazz, ya Ornette Coleman (1961)

Hapa wengi hutupa simu. Ni kipande kimoja cha dakika 37, vikundi viwili vya watu wannewanne vikipiga kwa pamoja. Watu wote wa namba 5 wamo, pamoja na Eric Dolphy anayepiga klarineti ya besi, chombo kilekile ulichokizoea kwa Maupin.

Sasa ushauri wa kiufundi, na huu ni muhimu kuliko maneno yote ya wahakiki. Kikundi kimoja kimewekwa upande wa kushoto na kingine upande wa kulia. Ukisikiliza kwa spika moja ndogo ya simu, watu wanane wanasongamana kwenye tundu moja na unasikia kelele tu. Vaa vipokea sauti vya masikioni, vyote viwili. Mara ya kwanza toa cha kulia, usikilize kundi la Coleman peke yake. Mara ya pili toa cha kushoto. Mara ya tatu vaa vyote. Ni kama soko la Kibuye siku ya Jumapili: mgeni anasikia makelele, lakini wewe mwenyeji unajua nani anauza nguo, nani anaita wateja wa viatu, na nani anamjibu nani.

7. Nyanza, ya Owiny Sigoma Band (2015)

Tunamalizia nyumbani. Hii ni bendi ya Wakenya na vijana wa London, akiwemo mpiga nyatiti Joseph Nyamungu. Mpiga dramu ni Tom Skinner, ambaye pia alipiga na Sons of Kemet, moja ya bendi zilizotajwa sana katika jazi mpya ya Uingereza. Sikiliza anavyoipisha nyatiti ipite. Ukitoka namba 6 utaisikia nyatiti kwa masikio mapya.

Je, naichukia mashine?

Hapana. Hapa Kisumu sijui duka ambalo ningeingia nikaulizia santuri ya Ornette Coleman nikaipata. Mtandao ndio umetuletea, na nashukuru. Ugomvi wangu ni kwamba tumeuachia pia kazi ya kupanga na kueleza, kazi ambayo zamani ilifanywa na mjomba mwenye redio au jirani mwenye santuri. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Nyalenda anaweza kuletewa jazi ya Chicago leo jioni, lakini santuri ya bendi iliyopiga mtaa wa pili haijaandikwa popote. Wazee waliopiga muziki huo wanaondoka mmojammoja, na wanaondoka na majibu: nani alipiga besi, mwaka gani, studio ipi.

Kwa hiyo nina ombi. Ukienda nyumbani, iwe Kendu Bay, Ugunja au Homa Bay, ulizia santuri na kanda za zamani. Usiziweke kwanza kwenye chombo chenye sindano mbovu. Piga picha lebo, pande zote mbili: jina la bendi, mtunzi, namba ya santuri. Muulize mzee majina ya wapigaji, uandike kama anavyoyatamka. Kisha ingiza maelezo hayo kwenye MusicBrainz, hifadhidata huria ambayo mtu yeyote anaweza kujisajili na kuichangia, na ambayo inaruhusu majina tofauti ya msanii mmoja kuunganishwa. Sisemi upakie muziki wenyewe bila ruhusa. Hizo ni haki za familia zao. Maelezo peke yake yanatosha kuanzia. Ukitaka mfano wa kazi hii ikifanywa vizuri, tafuta Retracing the Benga Rhythm, kitabu chenye muziki na filamu kilichotolewa na Ketebul Music mwaka 2008.

Kisha tengeneza orodha yako, albamu tano au sita, uandike kwa nini kila moja inafuata nyingine, umpe mtu mmoja unayemjua. Kama unafikiri namba 1 yangu ilipaswa kuwa Misiani na si Victoria Kings, niambie, tubishane. Kazi kwenu.