Tamko la Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu wa Osiri Kuhusu Kufungwa kwa Mashimo

Sisi, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Osiri, Nyatike, Kaunti ya Migori, tunauliza swali moja kila amri ya kusimamisha uchimbaji inapotolewa: shimo linaweza kulala siku ngapi, na bado likafanyiwa kazi tena?

Hatupingi ukaguzi. Tumezika wenzetu waliofukiwa. Shimo bovu lifungwe leo hii. Tunapinga kufunga machimbo yote kwa mkupuo, pampu zikiwemo.

Pampu ikizimwa jioni, asubuhi maji yameshafika kwenye mbao za chini zinazoshikilia kuta. Siku chache baadaye udongo umelainika, mbao zimepinda, na ukuta unaanza kumeguka vipande vipande. Shimo lililofungwa kwa ajili ya usalama hufunguliwa likiwa hatari kuliko awali. Kazi ikisimama, mwenye kinu cha kusagia mawe atavumilia kidogo, maana ana magunia ya mawe yaliyobaki uani. Kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo na kuosha mchanga kwenye karai hulipwa kwa siku, na duka halikopeshi unga bila kikomo. Njaa ikibisha hodi, vijana hushuka usiku kwa tochi, bila mtu wa kuwashikia kamba juu.

Jirani yetu Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, haujarudi kuwa ulivyokuwa. Na ule ulikuwa mgodi wa kampuni, si shimo la mchimbaji mdogo.

Sheria ya Madini ya 2016 inatupa kibali cha muda usiozidi miaka 3, na kila siku ya kufungwa inakatwa humo humo. Tunaiomba kamati ya wachimbaji wadogo ya kaunti, iliyowekwa na sheria hiyo hiyo, isimamie mambo haya: kila shimo likaguliwe peke yake, watu wa pampu waruhusiwe kuendelea kuvuta maji, na amri iandikwe tarehe ya kurudi kukagua. Siku zilizopotea kwa shimo lisilo na kosa zirudishwe kwenye kibali.

Kwa upande wetu, kila shimo litatenga gunia moja la mawe katika kila mgao, liuzwe kununulia dizeli ya pampu wakati kazi imesimama. Mwanachama atakayeshuka katika shimo lililojaa maji kabla halijakaguliwa, chama chetu hakitamtetea.