Paka Uliyemfungia Ndani



Wazazi na wanafunzi wetu, kijana mmoja wa madrasa yetu alikuja darasani akilia. Paka wao wa Siam, wale wenye uso na masikio meusi na macho ya buluu, amekufa. Alikuwa na homa, bibi akamhurumia, akampa nusu kidonge cha parasetamoli. Nia ilikuwa njema, lakini kwa paka dawa hiyo ni sumu. Ini lake haliwezi kuivunja, na damu yake inashindwa kubeba hewa.

Tulipouliza zaidi tukaambiwa mnyama yule alikuwa dhaifu tangu zamani. Chakula chake kilikuwa ugali na mchuzi.

Hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim, watoto wetu wanaihifadhi. Lakini tulitazame vizuri kosa lenyewe: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Paka wa mtaani hula makombo yetu, kisha usiku akaenda kuwinda panya, upungufu akaujaza mwenyewe. Huyu wa Siam, kwa kuwa tumemnunua ghali na tunaogopa ataibiwa, tunamfungia. (Suala la kuuza na kununua paka wanazuoni wametofautiana, si mada yetu leo.) Basi mlango wa kujitafutia tumeufunga sisi wenyewe, na kwa maoni yetu anayemlisha ugali mtupu asidhani kuwa yuko mbali na onyo lile.

Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini. Kimo katika nyama na samaki, si katika unga. Akikikosa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Mwenye uwezo anunue chakula cha paka cha dukani. Asiye na uwezo huo asikate tamaa: kuna ndagala zisizo na chumvi, kuna moyo wa ng'ombe. Ukichemsha, mpe na supu yake, kwani taurini huhamia majini. Lakini usitie vitunguu, wala vitunguu saumu, vinaharibu damu yake. Na maziwa tunayoyasifu huwaharisha paka wengi wakubwa, maji safi ndiyo bora.

Paka huyu pia ana sauti kubwa, anaita kama mtoto. Wapo waliotuuliza kama ana jini! Hapana, ndiyo tabia ya aina yake, na hapendi kuachwa peke yake kutwa. Cha kuogopa ni kikohozi kinachorudi rudi na harufu mbaya ya kinywa, maana pumu na ugonjwa wa fizi humsumbua sana. Hapo apelekwe kwa daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe huko huko, hata kama hatoki nje.

Wallaahu a'lam.